Kwa Nini Ufaransa Ilisubiri Hadi 1800 Kupata Benki Kuu

Swali: "Ninasoma uchumi, mwaka wa pili. Tumefundishwa kuwa Benki ya Uingereza ilianzishwa 1694, lakini Benki ya Ufaransa ilikuja 1800, zaidi ya karne moja baadaye, ingawa Ufaransa ilikuwa na watu wengi na utajiri mkubwa zaidi. Mhadhiri wetu anasema sababu ni John Law, aliyewaunguza Wafaransa kwa pesa za karatasi hadi wakaogopa benki kwa miaka 80. Je, mtu mmoja anaweza kufanya yote hayo? Na Napoleon alifanya nini ambacho wafalme walishindwa?"

Jibu: Ndugu mwanafunzi, mhadhiri wako hajakosea, ila amekupa nusu ya habari. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Wafaransa walishtuka kweli. Lakini hofu peke yake haielezi miaka 80. Katika miaka hiyo hiyo matajiri wa Paris waliendelea kumkopesha mfalme mamilioni kwa mamilioni, kwa hiyo hawakuwa watu wa kuogopa karatasi za serikali. Kilichokosekana ni hazina ambayo benki ingeweza kuiegemea. Benki inayotoa noti huishi kwa kuaminiwa, na mteja wake mkubwa alikuwa mfalme ambaye hesabu zake hakuna aliyezijua, hata waziri wake mwenyewe.

Hilo la hesabu lichukue kama lilivyo. Ufaransa ya Louis XIV haikuwa na mfuko mmoja wa serikali. Kodi za moja kwa moja, kubwa ikiwa ile iliyoitwa *taille*, zilipita mikononi mwa wapokeaji wakuu wa mikoa. Mpokeaji alikuwa amekinunua cheo chake kwa fedha taslimu, na cheo kilikuwa mali yake: aliweza kukiuza au kumrithisha mwanawe. Kila mkoa wa kodi ulikuwa na wapokeaji wawili waliopokezana, huyu mwaka huu, yule mwaka ujao. Fedha zilizokusanywa zilikaa kwenye kasha lake, zikachanganyika na biashara zake binafsi. Mfalme akihitaji fedha kabla ya tarehe ya kodi kuwasilishwa, mpokeaji alimpa hati za ahadi na kumtoza riba. Mara nyingi mfalme alikuwa akikopeshwa kodi ya wananchi wake mwenyewe, na analipia mkopo huo.

Kodi za bidhaa nazo zilikodishwa. Kundi la matajiri lililoitwa *Ferme générale*, watu 40 na baadaye 60, lilitia saini mkataba wa miaka sita, likaahidi kumlipa mfalme kiasi fulani kila mwaka, na kilichozidi kikawa faida yao. Humo ndimo ilimokuwa kodi ya chumvi. Katika mikoa ya "chumvi kubwa", Paris ikiwemo, kila kaya ililazimika kununua kiasi cha chumvi kilichopangwa kwa mwaka, itake isitake, kwa bei ya serikali. Brittany, mkoa wa jirani, haukulipa kodi hiyo kabisa. Matokeo yake ni mpaka wa ndani ya nchi uliojaa wauza magendo na askari wa kuwakamata. Juu ya hayo, watu wa nasaba na makasisi walikuwa na misamaha ya *taille*, kwa hiyo mzigo mzito zaidi ulimwangukia mkulima.

Linganisha na London. Benki ya Uingereza ilipoanzishwa 1694, iliikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8, na Bunge likatenga ushuru maalumu wa kulipia riba hiyo. Mkopeshaji alijua fedha yake inatoka kodi gani, na aliyepitisha kodi hiyo ni Bunge ambamo wakopeshaji wenyewe walikuwa na watu wao. Paris haikuwa na kitu cha namna hiyo. Bunge la matabaka, yaani mkutano wa makasisi, watu wa nasaba na raia wa kawaida, lilikuwa halijaitwa tangu 1614.

Sasa njoo kwa Law, maana yeye anastahili kusomwa kwa makini kuliko anavyosomwa kwa kawaida. Louis XIV alikufa Septemba 1715 na kuacha deni la takribani livre bilioni 2 (livre ndiyo pesa Wafaransa waliyohesabia wakati huo). Mrithi wake alikuwa mtoto wa miaka mitano, na nchi ikawa chini ya ulezi wa Philippe, Duke wa Orléans. John Law, Mskoti mwana wa sonara wa Edinburgh, alikuwa amemuua mtu kwenye pambano la panga London mwaka 1694, akatoroka, na akatumia miaka mingi kuzichunguza benki za Ulaya. Mei 1716 alipewa kibali cha kufungua *Banque générale*, benki ya binafsi yenye mtaji wa livre milioni 6.

Noti za benki ile zilibeba sharti moja ambalo naomba ulikumbuke: mwenye noti angelipwa sarafu za uzito na ubora uleule uliokuwepo siku noti ilipotolewa. Livre ilikuwa kipimo cha hesabu tu, haikuwa sarafu mkononi. Mfalme aliweza kuamka asubuhi na kutangaza kuwa sarafu ya fedha iliyohesabiwa livre nne sasa ni livre tano, na waliokuwa wakidai serikali wakapunjwa hapo hapo. Noti ya Law ilimkinga mfanyabiashara na tangazo la namna hiyo. Karatasi ikawa salama kuliko sarafu ya mfalme! Ndiyo maana ilipokelewa vizuri, na Aprili 1717 wakusanya kodi wakaamriwa kuzipokea noti hizo. Kwa miaka miwili na nusu Ufaransa ilikuwa na benki nzuri kweli.

Desemba 1718 benki ikataifishwa na kuitwa *Banque royale*. Noti mpya zikaandikwa kwa livre za hesabu, lile sharti la uzito likafutwa, na idadi ya noti ikawa jambo la kuamuliwa na baraza la mfalme. Watu wengi husimulia zaidi mtaa wa Quincampoix mjini Paris, mahali hisa za kampuni ya Law zilipouzwa kwa kelele na msongamano mwaka uliofuata. Kwangu mimi, benki ilikufa Desemba ile, kimya kimya, siku aliyekuwa mdaiwa wake mkubwa alipokuwa mmiliki wake. Kilichobaki kilikuwa suala la muda.

Upande wa pili wa mpango ulikuwa kampuni. Law aliunda kampuni ya kuendesha biashara ya Louisiana mwaka 1717, hisa moja livre 500, na watu waliruhusiwa kuzinunua kwa hati za deni la serikali ambazo sokoni zilikuwa zimeshuka thamani kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1719 kampuni hiyo ilimeza kampuni nyingine za biashara ya ng'ambo na kuwa *Compagnie des Indes*, kisha ikachukua kiwanda cha sarafu na mkataba wa kukusanya kodi za bidhaa, na mwishowe ikakubali kumkopesha mfalme hadi livre bilioni 1.6 kwa riba ya asilimia 3 ili alipe wadai wake wote wa zamani. Wadai waliolipwa walikuta hakuna pa kuweka fedha zao isipokuwa kwenye hisa za kampuni hiyo hiyo. Hisa zilipanda hadi karibu livre 10,000 mwishoni mwa 1719. Benki ilichapa noti za kuwakopesha watu wanunue hisa, na waliolipa kwa awamu walizidi kusukuma bei juu.

Simlaumu Law kwa yote. Wazo lake la kuwa na mkusanyaji kodi mmoja badala ya mamia, riba ndogo badala ya riba ya kinyonyaji, na deni moja badala ya rundo la madeni, lilikuwa sahihi, na wengi waliomzomea walikuwa ni wale wapokeaji na wakodishaji waliopoteza ulaji. Lakini alijifunga. Watu walipoanza kuuza hisa na kutaka sarafu, alijibu kwa amri. Februari 1720 ilikatazwa kuweka nyumbani zaidi ya livre 500 za sarafu. Machi bei ya hisa ikapangwa kuwa livre 9,000 na benki ikaahidi kuzinunua zote kwa bei hiyo, maana yake kuchapa noti bila kikomo. Mei 21 likatoka tangazo la kushusha hisa na noti hatua kwa hatua hadi noti zifikie nusu ya thamani yake. Baada ya siku chache likafutwa, lakini imani ilikuwa imekwisha. Noti zilizotolewa zilipita bilioni 2.5. Julai watu wapatao 15 walikufa kwa kukanyagana mbele ya benki, kila mmoja akijaribu kubadili noti ndogo apate sarafu ya kununulia mkate. Desemba Law alikimbia nchi, na alikufa Venice mwaka 1729.

Jambo hili linatuhusu pwani pia. Kampuni ile, baada ya kufumuliwa na kuundwa upya, ndiyo iliyotawala Île de France, yaani Mauritius ya leo, na Bourbon, yaani Réunion, hadi miaka ya 1760. Mashamba yaliyoanzishwa visiwani humo ndiyo yaliyomleta Mfaransa aitwaye Morice hadi Kilwa, ambako mwaka 1776 alifunga mkataba na Sultani wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka.

Baada ya Law, serikali ilifanya jambo moja jema na moja baya. Jema ni kwamba mwaka 1726 thamani ya sarafu ilitulizwa, na ikakaa vile karibu miaka 60. Baya ni kwamba mfumo wa zamani ulirudishwa mzima mzima: wapokeaji walionunua vyeo, *Ferme générale*, mikopo ya hati za ahadi. Hapa ndipo ninapotofautiana na mhadhiri wako. Waliorudishiwa kazi zao walikuwa na kila sababu ya kutotaka benki, kwa kuwa benki ingefanya kwa asilimia 4 au 5 kazi waliyoifanya wao kwa riba ya juu zaidi. Hofu ya wananchi ilikuwa kweli, na masilahi ya wakubwa yalikuwa kweli pia.

Kwa kukosa benki, mfalme alikopa kwa njia ghali kuliko zote: malipo ya maisha. Unaipa serikali mtaji, nayo inakulipa kila mwaka hadi mtu uliyemtaja kwenye mkataba afe. Kosa lilikuwa kwamba kwa mikopo mingi serikali ilitoa kiwango kile kile, kwa mfano asilimia 10, bila kujali umri wa aliyetajwa. Wanabenki wa Geneva waliliona hilo upesi. Walichagua wasichana wadogo 30 wa familia zenye uwezo, waliokwisha kuugua ndui na kupona, wakawaweka chini ya uangalizi wa madaktari hodari, kisha wakaandikisha mamilioni ya livre juu ya vichwa vyao na kuwauzia wateja vipande vya mapato hayo. Geneva nzima ilifuatilia afya ya wasichana hao. Mtoto wa miaka sita aliyepona ndui angeweza kuishi miaka 60 zaidi, na hazina ya Ufaransa ingelipa asilimia 10 miaka yote hiyo. Waziri mwenye jedwali la umri wa kuishi asingetia saini mkopo huo, na majedwali hayo yalikuwepo. Hazina ilikuwa na njaa ya fedha za mwaka ule, basi.

Majaribio ya mageuzi yalikuwepo, na mengine yalikuwa mazuri. Turgot alipoingia 1774 kama waziri wa fedha alimwahidi mfalme mambo matatu: hakuna kufilisika, hakuna kodi mpya, hakuna mikopo. Wakati wake, Machi 1776, ilianzishwa *Caisse d'escompte*, taasisi ya binafsi iliyobuniwa na mwanabenki Isaac Panchaud. Ilinunua hati za biashara kabla ya kuiva kwa riba isiyozidi asilimia 4, na ikatoa noti zilizolipwa kwa sarafu mtu akitaka. Wafanyabiashara wa Paris wakazipokea bila wasiwasi. Hapo unaona kwamba miaka 56 tu baada ya Law, hofu ilikuwa imepungua kiasi cha kutosha.

Kilichoiua taasisi hiyo ni kile kile kilichoiua benki ya Law. Mwaka 1783 waziri wa fedha d'Ormesson alichukua humo kwa siri livre milioni 6. Siri ilivuja, watu wakakimbilia sarafu zao, na serikali ikatoa amri ya kuiruhusu isilipe kwa muda. Ilipona, ikaendelea, na mwaka 1787 serikali ikachukua milioni 70 kwa mpigo, safari hii hadharani. Kuanzia 1788 noti zake hazikulipika tena kwa sarafu kama zamani.

Katikati ya hayo yupo Necker, mwanabenki wa Geneva aliyeongoza fedha za Ufaransa kuanzia 1777 bila cheo kamili cha waziri kwa kuwa alikuwa Mprotestanti. Aliwapunguza wapokeaji wakuu kutoka 48 hadi 12 mwaka 1780; alipoondoka, wakarudishwa. Februari 1781 alichapisha hesabu za mfalme, jambo ambalo halijawahi kufanyika, na makumi ya maelfu ya nakala yakauzwa. Hesabu zile zilionyesha ziada ya livre milioni 10, lakini ziliacha nje gharama za vita vya uhuru wa Marekani kwa kuziita za muda, nazo zilipita livre bilioni 1, nyingi zikiwa mikopo. Namheshimu kwa kuchapisha. Tarakimu zenyewe siwezi kuzitetea. Mwaka 1788 hesabu iliyo sahihi zaidi ilionyesha matumizi ya milioni 629 na mapato ya milioni 503, na zaidi ya nusu ya mapato hayo ilikwenda kwenye deni. Agosti mwaka huo hazina ikasimamisha sehemu ya malipo, na mfalme akalazimika kuliita lile bunge la 1614. Mengine unayajua.

Mapinduzi ya Ufaransa nitayapita haraka kwa sababu yanahitaji jibu lake. Novemba 1789 Necker alipendekeza *Caisse d'escompte* igeuzwe kuwa benki ya taifa. Bunge lilikataa. Badala yake likatoa *assignats*, hati zilizodhaminiwa na ardhi ya Kanisa iliyotaifishwa: milioni 400 mwanzoni, karibu bilioni 45 mwaka 1796, mitambo ya kuzichapia ilipovunjwa hadharani uwanja wa Vendôme. Mwaka 1797 serikali ikafuta theluthi mbili ya deni la taifa kwa sheria moja. Watu walioishi hayo walikuwa na sababu kubwa ya kuogopa noti kuliko babu zao wa 1720, na bado miaka mitatu baadaye Benki ya Ufaransa ikafunguliwa. Hili peke yake linatosha kuonyesha kwamba nadharia ya hofu haitoshi.

Napoleon alifanya nini, basi? Kwanza alimwachia hazina mtu anayeijua. Gaudin, aliyeanza kazi ya kodi tangu enzi za wafalme, alikuwa waziri wa fedha kuanzia Novemba 1799 hadi 1814. Katika wiki zake za mwanzo aliunda idara ya kodi za moja kwa moja, yenye watumishi wa kulipwa mshahara, waandike orodha za walipa kodi ambazo halmashauri zilikuwa zikichelewesha kwa miaka. Wapokeaji wa mikoa sasa walitia saini hati za kulipa kila mwezi, na waliweka dhamana ya fedha taslimu kwenye mfuko maalumu uliosimamiwa na ofisa wa fedha aitwaye Mollien. Mmoja wao akishindwa kulipa, dhamana zile zililipa. Hati hizo zikawa kitu ambacho benki inaweza kukinunua bila kuogopa. Hatua hiyo ilitangulia benki, na mpangilio huo ndio ninaotaka ubaki nao.

Benki ya Ufaransa ilianzishwa Januari 1800 kwa mtaji wa faranga (pesa iliyochukua nafasi ya livre) milioni 30, hisa 30,000 za faranga 1,000. Napoleon Bonaparte mwenyewe na ndugu zake walinunua. Iliendeshwa na wakurugenzi 15 waliochaguliwa na wanahisa wakubwa 200. Noti ya chini ilikuwa ya faranga 500, kwa hiyo mfanyakazi wa kawaida hakuwahi kuishika. Ilikuwa pesa ya wafanyabiashara. Aprili 1803 ikapewa haki ya pekee ya kutoa noti Paris. Wiki chache kabla, faranga ilikuwa imewekewa uzito kwa sheria: gramu 5 za fedha yenye usafi wa sehemu tisa katika kumi. Faranga ya dhahabu iliyowekwa na sheria hiyo hiyo ilidumu bila kupunguzwa hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Lile sharti la uzito alilokuwa nalo Law mwaka 1716 likarudi, safari hii likiwa la sarafu yenyewe.

Lakini usidhani Napoleon alikuwa mtakatifu wa benki. Mwaka 1805, akiwa vitani Austria, hazina ilijiingiza mikononi mwa kundi la matajiri lililoongozwa na Ouvrard, lililotegemea fedha za Hispania kutoka Mexico ambazo manowari za Uingereza zilizizuia baharini. Benki ilikuwa imenunua hati zao kupita kiasi, sarafu zikakaribia kwisha, na foleni zikajaa mlangoni. Aliporudi Januari 1806 alimfukuza waziri wa hazina, Barbé-Marbois, akamweka Mollien. Aprili mwaka huo sheria mpya ikampa mkuu wa nchi mamlaka ya kumteua gavana na manaibu wake wawili, huku wanahisa wakibaki na wakurugenzi wao. Alitaka benki iwe mikononi mwa serikali kiasi cha kutosha, isiwe zaidi ya hapo. Mwaka 1807 ikaundwa Mahakama ya Hesabu kumkagua kila mtu anayeshika fedha za umma, na mwaka uliofuata Mollien akaingiza hazina nzima uhasibu wa pande mbili, ambao kila fedha huandikwa ilikotoka na ilikokwenda.

Utaona mizani ile haikuwa kamili: aliyeweka sheria ya 1806 alikuwa mtawala mmoja asiye na bunge la kumkemea, na benki ilibaki ya wanahisa 200 matajiri kwa muda mrefu sana. Wao waliendelea kuchagua wakurugenzi hadi mageuzi ya 1936, na taifa likaichukua benki yenyewe kwa sheria ya Desemba 1945.